Mgeni Asiyepewa Jembe: Uchambuzi wa Kisa cha Kanisa Moja la Eastlands, Nairobi

Kuhusu kisa hiki

Jina la kanisa, dhehebu lake na mtaa lilipo vimeondolewa. Watu wanatajwa kwa kazi zao tu, na tarakimu zimesogezwa kidogo ili asiwepo wa kunyooshewa kidole. Kilichoachwa kama kilivyo ni mfuatano wa mambo, sababu za kila uamuzi, na yaliyoharibika. Walengwa ni wachungaji, wazee na kamati za ukaribisho katika makanisa ya mjini yenye waumini mia tatu na zaidi. Kanisa la watu hamsini lina shida zake, lakini si hizi.

Usuli

Kanisa lina ibada mbili kila Jumapili: ya Kiingereza inaanza saa mbili asubuhi, ya Kiswahili saa nne na nusu. Kwa jumla huketi watu kama 600. Chini ya baraza la wazee kuna ushirika wa mitaa 11, kila mmoja na mzee wake. Mzee wa mtaa ndiye anayejua nani amejifungua, nani amelazwa, mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Msiba ukitokea, yeye ndiye huitisha maombi ya jioni na kuanzisha mchango.

Mpango huo uliwekwa wakati waumini wengi walikuja kanisani kwa miguu, kutoka mitaa ya karibu: Umoja, Buruburu, Donholm na Kayole. Tangu hapo watu wamenunua ploti na kujenga mbali zaidi: Ruai, Kamulu, Joska na Utawala. Wengine wamepanga Syokimau na Mlolongo. Jumapili bado wanarudi, kwa kuwa hapo ndipo walipofungia ndoa na kubatizia watoto. Orodha za mitaa hazikuhama nao. Mzee mmoja alikuwa na majina 42 kwenye daftari lake, na waliokuwa bado wanaishi mtaani mwake ni 18.

Wageni wanaoingia leo nao si wa aina ile ya zamani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi katika kaya 1,506,888, yaani hata watatu kwa kaya hawafiki. Anayeingia kanisani mara nyingi anaishi peke yake au na mwenzi na mtoto mmoja, hana shangazi mtaa wa pili wa kumtambulisha kwa watu, na chumba chake ni bedsita isiyotosha wageni kumi.

Halafu kuna suala la bahasha. Zamani kila muumini alikuwa na bahasha ya sadaka yenye namba. Bahasha ikikosekana wiki tatu, mzee aliuliza, na wakati mwingine aliuliza kwa ukali, lakini aliuliza. Makanisa yalipofungwa Machi 2020 sadaka ilihamia kwenye paybill, yaani namba ya malipo ya M-Pesa. Yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai mwaka huo, kwa watu wasiozidi 100 na kwa saa moja tu, bila watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee wa zaidi ya 58, bahasha hazikurudi. Fedha zilianza kuingia vizuri kuliko awali. Hakuna aliyeona kwamba pamoja na bahasha ilikuwa imeondoka njia pekee ya kugundua nani hayupo.

Tukio lililoamsha watu

Muumini wa ibada ya kwanza, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, alifiwa na baba yake kule Magharibi mwa Kenya. Alipiga simu ofisini Jumanne. Karani alitafuta jina lake kwenye orodha za mitaa yote 11 na hakuliona. Taarifa za paybill zilimwonyesha waziwazi: fungu la kumi kila mwezi kwa miaka mitatu.

Kwa utaratibu uliokuwepo, hakuna mtaa maana yake hakuna mzee, na hakuna mzee maana yake hakuna wa kuitisha maombi. Ofisi ilimtumia ujumbe mfupi wa pole. Alizika Jumamosi, na Jumapili ya pili yake akarudi kuketi pale anapoketi siku zote, safu ya tatu kutoka nyuma, upande wa spika.

Mweka hazina ndiye aliyelifikisha jambo hili kwa baraza, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na jina hilo mbele yake kila mwezi. Jibu la kwanza lilikuwa la kujitetea: "Kwani alijiandikisha wapi?" Mchungaji hakubishana. Aliomba kila mzee aandike majina matano ya watu wa ibada ya kwanza waliojiunga ndani ya miaka miwili iliyopita. Wazee wawili kati ya 11 ndio waliofikisha matano.

Walichochunguza kabla ya kugusa chochote

Iliundwa kamati ya watu watano: wazee wawili, mama mmoja wa ukaribisho, kijana mmoja, na muumini aliyekuwa na miezi minane tu kanisani. Huyo wa mwisho alipingwa ("bado ni mgeni") na ndiye aliyeleta mengi ya maana.

Kwa Jumapili tatu walisimama getini na saa. Waliona kwamba ibada ya kwanza ilikuwa ikiisha karibu saa nne na robo, na ile ya pili inaanza saa nne na nusu. Dakika kumi na tano hizo zilikuwa za magari: yanayotoka na yanayoingia yakikutana kwenye geti moja, wahudumu wakiwahimiza watu watoke nafasi zipatikane. Kanisa lilikuwa linawaambia wageni karibuni kwa kipaza sauti na kuwafukuza kwa filimbi ya mlinzi wa maegesho.

Waligawa pia karatasi yenye maswali matatu, bila jina. Umekuwa hapa kwa muda gani? Ukitoka hapa unapandia gari steji gani, au unaelekea barabara gani? Andika herufi za kwanza za watu wawili wa kanisa hili, nje ya jamaa zako, unaoweza kuwapigia usiku ukiugua. Katika ibada ya pili wengi walijaza nafasi zote mbili. Katika ya kwanza, karibu nusu waliacha nafasi ya pili wazi, na wapo walioacha zote, wakiwemo watu wa miaka minne na mitano. Swali hilo la tatu linafaa kuigwa popote. Ukimuuliza mtu kama anajihisi amekaribishwa atakujibu ndiyo kwa adabu. Akiombwa herufi za majina, hana pa kujificha.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kuwasimamisha wageni. Ulileta kelele kuliko yote yaliyofuata. Wazee walisema ni desturi, na kwamba mgeni asipotambuliwa ataona amedharauliwa. Yule mwanakamati wa miezi minane alieleza jinsi inavyokuwa upande wa pili: unasimama, macho mia tatu yanakugeukia, unaimbiwa, unaketi, na baada ya hapo hakuna anayekusogelea kwa sababu kila mtu anaamini ukaribisho umeshafanyika. Waliafikiana wageni wakaribishwe kwa ujumla wakiwa wameketi, na kila mhudumu wa mlangoni akumbuke nyuso mbili tu, awatafute hao wawili ibada ikiisha. Mbili, si kumi.

Wa pili ulikuwa muda. Mahubiri ya ibada ya kwanza yalipunguzwa dakika kumi na ibada ya pili ikasogezwa hadi saa tano kasorobo. Bila dakika arobaini zilizopatikana hivyo katikati ya ibada mbili, mengine yote yasingewezekana. Mchungaji anayekataa kupunguza mahubiri asijisumbue na kamati ya ukaribisho.

Wa tatu ulikuwa chai, na hapa undani una maana. Walianza na lita 30 kwa watu 120 hivi: maziwa lita 12 ya ATM (mashine ya kuuzia maziwa), maji lita 18, majani gramu 250, sukari ikiwekwa pembeni. Chai hukaa kwenye chupa kubwa za lita tano ili isilazimu kuwasha jiko uani. Mandazi moja kwa kila mtu, ya shilingi kumi. Gharama haikuzidi shilingi 4,000 kwa Jumapili. Viti havikuwekwa kwa makusudi, isipokuwa vichache vya wazee na wajawazito, kwa sababu anayeketi huketi na aliokuja nao.

Jumapili mbili za kwanza zilikuwa bure kabisa. Meza ilikuwa moja, foleni ikawa moja, watu wakatazamana visogo, wakachukua kikombe na kurudi kwa wale wale wanaowajua. Wageni walikunywa wakiangalia simu. Jumapili ya tatu meza ziligawanywa nne, kila moja na kibao cha kadibodi: Jogoo Road, Outering na Pipeline, Kangundo Road na Bypass, Mombasa Road. Kibao kilifanya kazi ambayo wahudumu walikuwa wameshindwa kuifanya. Mtu akifika mezani ana la kusema tayari: unashukia wapi, leo nauli imekuwa ngapi, ile barabara ya kwenu imetengenezwa? Mkazi wa Nairobi hakosi neno kuhusu matatu na maji.

Kutoka hapo ndipo lilipozaliwa wazo la makundi ya njia. Waliofikiria jumuiya za mtaa mmoja walitaja jirani zao Wakatoliki, ambao mwaka 1976, katika mkutano wa maaskofu wa Afrika Mashariki uliofanyika hapa hapa Nairobi, waliamua kujenga kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, na hadi leo hukutana nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja alinung'unika kuhusu kuiga watu wa parokia. Kikwazo halisi kilikuwa kingine: jumuiya ya namna hiyo hutegemea ujirani, na waumini hawa walikuwa wametawanyika. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni njia ya kurudi nyumbani.

Kila kundi lilikuwa la watu wanane hadi kumi na wawili, angalau watatu wa zamani na watatu wapya, wakikutana mara mbili kwa mwezi kwa saa moja na nusu, kwa miezi mitatu. Baada ya hapo kundi lenyewe liamue kuendelea au kuvunjika bila lawama. Muda wenye mwisho ulirahisisha watu kukubali. "Njoo kwa miezi mitatu" ni ombi jepesi kuliko "jiunge nasi".

Viongozi walikuwa wenyeji wawili kwa kila kundi, na hawakuwa wazee wa kanisa. Sababu ilisemwa wazi barazani: simu ya mzee ikilia, muumini hudhani ni mchango. Kwa sababu hiyo hiyo ikawekwa kanuni iliyoandikwa kwa herufi kubwa: kwa miezi mitatu ya kwanza hakuna pesa. Hakuna chama cha kuweka akiba, hakuna harambee, hakuna kuuza ploti, bima, wala dawa za lishe za mtandao wa wauzaji. Mgeni wa Nairobi ameshauziwa vitu vingi na watu waliojifanya rafiki.

Suala la orodha lilishughulikiwa kwa umakini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu imani ya mtu, hali yake ya ndoa na habari za familia yake kuwa data nyeti, kwa hiyo daftari la mapokezi lililokuwa wazi mezani, lenye safu za ndoa, watoto na mahali pa kazi, liliondolewa. Badala yake ikawa kadi ya mambo manne: jina, namba ya simu, njia ya kurudi nyumbani, na alama ya kukubali mwenyeji wa kundi aione. Hakuna aliyeingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa kwanza, maana ukishamwingiza, namba yake wameiona wote.

Mambo yalivyokwenda

Walianza Februari, kwa sababu Januari ni ya karo na mtu hana nauli ya ziada. Watu 96 walijaza kadi, makundi tisa yakaundwa.

Simu za kwanza zilipigwa na ofisi, kwa namba ya kanisa, na zaidi ya nusu hazikupokewa. Waliopokea walikuwa wakali. Wengine walidhani ni watu wa mikopo ya simu. Wiki iliyofuata kazi hiyo ilihamishiwa kwa mtu yule yule aliyezungumza na mgeni mezani, apige Jumatatu au Jumanne kati ya saa moja na saa mbili usiku, na aseme mapema kwamba hana shida. Kauli iliyofanya kazi ilikuwa ya namna hii: "Habari za jioni, dada. Ni mimi tuliyekunywa chai pamoja Jumapili, meza ya Jogoo Road. Sipigi kwa mambo ya mchango. Nilitaka tu kujua kama mtoto amepoa ile homa." Anayepiga lazima awe na kitu kimoja alichokikumbuka. Asipokuwa nacho, bora asubiri Jumapili nyingine.

Kufikia wiki ya sita makundi matatu yalikuwa yamenyamaza, kila moja kwa sababu yake.

Kundi la Mombasa Road lilikuwa limetandazwa kutoka South B hadi Athi River. Ikiwa mkutano uko Mlolongo, wa South B anatoa nauli kwenda na kurudi na bado hajui atapata gari saa ngapi usiku. Walihamishia mikutano katika chumba cha shule ya Jumapili, mara tu baada ya chai, kabla mtu hajafika stejini. Kundi likafufuka, ingawa lilipoteza ule ukaribu wa kuingia nyumbani kwa mwenzako.

Kundi la Bypass liliuawa na chakula. Wa kwanza kuwakaribisha wenzake nyumbani, mwenye nyumba yake Utawala, alipika pilau. Wa pili akaongeza kuku na matunda. Wa tatu alikuwa mama wa bedsita. Akaahirisha mara moja, akaahirisha mara ya pili, halafu akaacha kupokea simu. Mwenyeji wa kundi aligundua sababu kupitia kwa jirani wa mama huyo. Ndipo ikaja kanuni ya chai na kitu kimoja, kwa kila nyumba, hata ya tajiri, na ruhusa ya kukutania kanisani kwa yeyote bila kueleza kwa nini. Mama huyo alirudi, lakini baada ya mwenyeji, mwanamke wa rika lake, kwenda kumwona bila kulitaja kundi kabisa. Kanuni hii ilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza. Desturi zetu za ukarimu zinajulikana, na mashindano ya sufuria hayahitaji nabii kuyatabiri.

La tatu lilikuwa gumu kulisema. Watano kati ya tisa walitoka jamii moja, na mazungumzo yaliponoga yalikuwa yakiteleza kwenye lugha yao ya mama. Hawakuwa na nia mbaya. Wanne waliobaki walikuwa wakitabasamu kwa vichekesho wasivyovielewa. Hakuna aliyelalamika, waliacha kuja tu, mmoja baada ya mwingine. Kamati haikutoa tangazo la jumla, ambalo lingegeuzwa siasa ndani ya dakika tano. Mwenyeji alizungumza faraghani na wawili wenye sauti, akawapa kazi ya kuongoza maombi kwa Kiswahili, na tangu hapo wao ndio waliokuwa wakiwarudisha wenzao. Katika upangaji uliofuata hakuna jamii iliyopewa zaidi ya theluthi moja ya kundi. Kanuni hiyo haikuandikwa popote.

Kulikuwa pia na muumini aliyeanza kuonyesha picha za ploti za Joska kwenye mkutano wa tatu. Wenyeji wawili walimwona baada ya mkutano, siku hiyo hiyo, na kumkumbusha kanuni. Alikasirika, akahama kundi. Lingeachwa hadi mkutano wa nne, wangekuwa wanamfukuza mtu mwenye wateja wawili ndani ya kundi.

Mgogoro mkubwa ulitoka kwa wazee wa mitaa. Mwezi wa pili walilalamika kwamba ibada zao za jioni zimepungua watu na kwamba "kuna kanisa ndani ya kanisa". Walikuwa na haki kwa sehemu, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza makundi yanaishia wapi. Suluhisho lilikuwa kukabidhi. Miezi mitatu ikiisha, mwenyeji hamtumii mzee orodha. Anafuatana na yule mtu hadi nyumbani kwa mzee, wanakunywa chai, jina linaandikwa daftarini mbele ya wote watatu. Aliyehama mtaa anaandikwa chini ya mzee aliye karibu na njia yake, hata kama nyumba iko Kamulu. Inachukua Jumamosi nzima kwa watu wanne au watano, na kuna wenyeji waliolalamika kwamba ni kazi nyingi. Ni kazi nyingi.

Matokeo baada ya miezi sita

Kati ya makundi tisa, sita yaliendelea kwa hiari, mawili yaliungana, moja likavunjika. Kati ya watu 96, 71 walikuwa bado wanahudhuria kundi au wameshakabidhiwa, na 44 walikuwa kwenye daftari la mzee. Karatasi ya maswali ilirudiwa. Katika ibada ya kwanza nafasi za herufi zilijazwa zaidi, ingawa si kwa kila mtu.

Mpango ulipimwa kwa msiba. Muumini mpya wa kundi la Outering alifiwa na mama yake siku ya Jumatano. Alimpigia mwenyeji wa kundi, si ofisi. Jioni hiyo watu wanne walikuwa nyumbani kwake Pipeline. Mmoja alikaa na watoto, mmoja akaandika orodha ya mahitaji, mwenyeji akampigia mzee aliyekuwa amemwandika mfiwa daftarini mwake wiki tatu kabla. Mzee aliitisha maombi kwa siku tatu zilizofuata na kuteua mweka hazina wa mchango kutoka ndani ya kundi. Waliosafiri kuzika walikuwa 14 kwenye matatu ya kukodi. Kanuni ya kutogusa pesa ilikuwa imeshaisha muda kwa kundi hilo, na hata isingeisha, hakuna ambaye angeitaja siku hiyo.

Wapo ambao mpango haukuwafikia. Vijana wa chuo walikunywa chai na kuondoka. Walinzi na wauguzi wa zamu hawakuweza kuahidi siku mbili kwa mwezi. Wafanyakazi wa nyumbani wana mapumziko Jumapili mchana tu, na mikutano mingi ilikuwa Jumamosi saa tisa. Wafanyabiashara wa soko la Gikomba nao Jumamosi ndiyo siku yao ya kuuza.

Uchambuzi

Kamati yenyewe iliipa chai sifa zote. Ukifuatilia majina, picha inabadilika. Kuanzia mwezi wa pili wageni waliofika mara ya tatu walikuwa wakiombwa kufanya kitu: kusuuza vikombe, kubeba chupa, kushika kibao, kuhesabu watoto. Wazo halikutoka kwenye mpango wowote. Mama wa meza ya Kangundo Road alikosa wasaidizi akaomba aliyekuwa karibu. Meza nyingine zilimwiga kwa sababu na zenyewe zilikuwa na uhaba. Karibu wote waliopewa kazi walibaki, huku waliopotea wakiwa zaidi wale waliohudumiwa vizuri na kuachwa hivyo. Huenda waliokubali kusuuza vikombe walikuwa tayari ni watu wa kuchangamka, hilo halikupimwa. Lakini mtu anayesuuza vikombe na mwenzake kwa dakika ishirini, Jumapili nne mfululizo, anamjua kwa jina, kwa kazi, na kwa anachokilalamikia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kanisa hili lilikuwa limemweka mtu ugenini miaka mitatu, likimwimbia na kupokea fungu lake.

Kilichofanya kazi pili ni udogo na marudio. Sherehe ya wageni ya mara moja kwa mwaka, ambayo kanisa lilikuwa likiifanya kila Novemba kwa hema na nyama, ililigharimu zaidi ya chai ya miezi sita na haikuacha jina hata moja kwenye daftari la mzee. Watu kumi wale wale wakionana mara sita wanajuana; watu mia mbili wakionana mara moja wanapiga picha.

Kukabidhi kwa mkono ndiko kulikookoa mpango usiwe burudani. Makundi mengi ya namna hii mjini hufa au hugeuka kanisa pembeni, kwa kuwa hayana mlango wa kuingilia kwenye muundo unaobeba misiba, harusi na wagonjwa. Hapa mlango ulikatwa kwa kuchelewa, baada ya wazee kukasirika, na ungeweza kukatwa kabla ya Februari kwa mkutano mmoja wa saa mbili na wazee wote 11.

Kosa la pili lilikuwa kuwapa wenyeji maelekezo ya mambo ya kiroho kwa siku nzima na kuwaachia yale ya sufuria, nauli na lugha wayagundue wenyewe. Makundi yote matatu yaliyonyamaza yalinyamazishwa na hayo. Semina ya wenyeji ilipaswa kutumia nusu ya muda wake kwenye maswali ya aina hii: nani hawezi kukaribisha watu nyumbani na atasemaje bila aibu, gari la mwisho linapita saa ngapi, wawili wakianza lugha yao utafanya nini.

Kuhusu WhatsApp, kanuni ya kuuliza kwanza ilisaidia, lakini makundi mawili yalijaa jumbe za kusambazwa na matangazo ya biashara kufikia mwezi wa nne. Yaliyodumu ni yale ambayo wenyeji walizuia yote isipokuwa mahali pa kukutana, maombi ya dharura na taarifa za msiba.

Mzunguko wa pili

Kamati imepanga kuanza tena baada ya Pasaka. Wenyeji watabadilishwa kila mwaka, kwa kuwa wawili wa mzunguko wa kwanza walichoka kiasi cha kukosa hata ibada. Kutakuwa na kundi moja la Jumapili saa nane mchana kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani, litakalokutania kanisani na kumalizika saa kumi kamili, kwani wengi wao hutakiwa kurudi kazini kabla ya saa kumi na mbili. Kwa watu wa zamu kunajaribiwa jozi badala ya kundi: watu wawili, mmoja wa zamani na mmoja mpya, wanaoonana siku yoyote inayowakubali na kupigiana simu mara moja kwa wiki. Jozi nne zimeshaundwa, mbili za wauguzi na mbili za walinzi. Kwa vijana wa chuo bado hakuna mpango. Mwanakamati kijana amependekeza wapewe kipaza sauti, nyaya na kamera za ibada ya kwanza wavisimamie wenyewe. Fundi wa sasa hajakubali.